Gari Lisilokunywa Maji

Nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba kinyonga hakuwa na hatia. Nitamfikia kinyonga kwa wakati wake. Kwanza kuna barua.

Barua ilitoka shuleni kwetu, shule ya bweni iliyo nje kidogo ya mji wa Homa Bay, na ilisema kwamba mimi, Maxwell Onyango wa kidato cha tatu, nimesimamishwa masomo kwa wiki mbili. Nilitakiwa kurudi siku ya Ijumaa, nikiwa na mzazi, kabla ya saa kumi alasiri. Nisipofika kwa saa hiyo, nafasi yangu ingepewa mwanafunzi mwingine. Sentensi hiyo ya mwisho ilikuwa imepigiwa mstari mara mbili kwa wino mwekundu, na naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Orina, si mtu wa kupoteza wino.

Kosa langu lilikuwa dogo. Nilificha kengele ya shule, kisha nikabandika tangazo la kifo chake kwenye ubao, likiwa na picha, majina ya jamaa walioachwa, yaani filimbi ya michezo na saa ya ukutani, na ratiba kamili ya mazishi. Siku hiyo shule nzima ilikula chakula cha mchana saa tisa. Mpishi mmoja aliniuliza kama kutakuwa na mkesha.

Mama hakucheka. Jina lake ni Truphena, anauza vitambaa sokoni Migori, na ni shemasi katika kanisa la Wasabato. Aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Max, sikiza. Nitakupeleka. Nitaketi mbele ya hao walimu nikupiganie. Lakini mzaha mmoja tu, mmoja, kabla tufike kwa hilo geti, nageuza gari tunaenda Kegonga kwa Mwikwabe. Utalima mahindi mpaka uote ndevu."

"Mama, ndevu nimeshaanza kuota."

"Huo ni mzaha?"

"Hapana, mama. Ni taarifa."

Mwikwabe ni mume wa dada yake mama. Ni mtu mwema, lakini kwake watu huamka kabla ya ng'ombe, na anaamini kwamba kijana aliyechoka ni kijana mwadilifu. Zaidi ya hayo, na hili nalisema bila mzaha wowote, nilitaka kurudi shule. Mtihani wa mwisho ulikuwa mwaka mmoja tu mbele yangu, na kwa wiki mbili nilikuwa nimesoma kemia peke yangu kwenye meza ya jikoni, jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote ili nisiharibu sifa yangu.

Basi Ijumaa ikafika.

Nyumbani kwetu Ijumaa ni siku ya maandalizi. Jua likizama Sabato imeingia, na kazi ambayo haijafanywa itangoja hadi Jumamosi jioni. Kwa hiyo mama hupika vya siku mbili, hupiga nguo pasi, hung'arisha viatu, na mwisho hufungua boneti na kulinywesha gari maji. Gari lake la zamani lilikuwa likichemka kwenye kila kilima kati ya Migori na Kisii. Hili la sasa alilinunua miezi minane iliyopita kutoka kwa mwalimu mstaafu, na lilikuwa fahari yake. Kwenye makambi ya kanisa ya mwezi wa nane alisimama mbele ya waumini mia kadhaa akatoa ushuhuda: "Wapendwa, tangu Bwana anipe hili gari, sijaliona likipunguza maji. Halinywi!" Watu wote wakasema amina. Mimi pia nilisema, na mimi si mtu wa kusema amina ovyo.

Ijumaa hiyo alimimina kikombe kimoja tu. "Ona, limejaa vilevile," alisema, akafunga boneti, akaingia ndani kuchukua mkoba.

Ndipo nikamtoa kinyonga mfukoni. Alikuwa wa mpira, wa kijani, mwenye macho ya kuzunguka. Mama haogopi polisi wala maaskari wa kaunti, lakini akiona kinyonga humwita Nyasaye, yaani Mungu, mara tatu kwa sauti inayosikika barabarani. Nilifungua boneti na kumfunga kinyonga kwa waya kwenye paipu moja nene ya mpira, ameinua kichwa kama diwani. Mama angemkuta Ijumaa ijayo, mimi nikiwa Homa Bay, mbali na mkono wake. Kisheria, mzaha huo ungetokea baada ya geti. Niliipima hoja hiyo nikaona ina uzito, nikaingia kwenye gari na sanduku langu.

Tuliondoka Migori saa sita u nusu. Tulipopita Awendo na kuanza kuteremka, kitu chekundu kikawaka mbele ya mama: picha ndogo ya kipimajoto kilichosimama kwenye mawimbi.

"Max," mama alisema kwa upole wa kutisha.

"Naam, mama."

"Toa."

"Nitoe nini?"

"Hiyo stika yako."

Hapo ni lazima nikiri kwamba mwezi wa nne nilikuwa nimebandika kipande cha karatasi nyekundu mahali hapohapo, na mama alizunguka kwa mafundi watatu kabla ya wa tatu kukibandua kwa kucha. Sasa alinyoosha mkono akakwaruza. Kucha ilipita juu ya kioo. Taa iliendelea kuwaka. Kisha barabara ikaanza kupanda, na taa ikazimika yenyewe.

"Umeizima aje?"

"Sijaizima, mama."

"Uko na rimoti?"

"Mama, naapa."

"Usiape. Toa mikono mifukoni."

Nikaitoa. Mteremko uliofuata taa ikawaka tena, mikono yangu ikiwa juu ya magoti mfano wa mtoto anayepigwa picha ya pasipoti. Tukapanda, ikazimika. Tukateremka, ikawaka. Mama akaacha kuniangalia mimi, akaanza kuiangalia taa, na nikaona midomo yake ikienda kimyakimya. Alikuwa ameanza kuomba.

"Sindano ya joto iko katikati," nilimwambia. "Halijachemka."

Nilisema hivyo kwa utulivu nisiokuwa nao. Chini ya ile boneti kulikuwa na paipu, na kwenye paipu kulikuwa na waya nilioukaza kwa nguvu zangu zote saa moja iliyopita.

Tukaingia Rongo polepole, hadi kwenye gereji ya mzee Okemwa, ambaye mama anamfahamu kutoka makambini. Okemwa ni Msabato pia. Ijumaa hufunga kazi mapema, na tulimkuta tayari ameoga na kuvaa shati jeupe, anapanga spana zake kwenye sanduku kwa ukubwa.

"Mama Max! Karibu. Imefanya nini?"

Mama alimweleza. Okemwa alilizunguka gari mara moja, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa.

"Zima. Tunangoja nusu saa."

"Nusu saa! Okemwa, huyu mtoto anatakiwa shule saa kumi."

"Mama, kifuniko cha maji hakifunguliwi injini ikiwa moto. Ona." Akakunja mkono wa shati. Kovu lilitoka kiwiko hadi kwenye saa yake. "Hii nilikuwa na haraka."

Mama akaenda kando ya barabara kupiga simu shuleni. Okemwa akarudi kwenye spana zake. Mimi nikabaki na gari, na nikaona kwamba mbingu zimenipa dakika mbili. Kuinua boneti si kufungua kifuniko. Niliinua, nikafungua waya, nikamtia kinyonga mfukoni. Kazi ilikuwa safi kabisa. Kisha nikaona kwamba pale karibu na waya ulipokuwa, mahali paipu inapoingia kwenye chuma, palikuwa na unyevu wa rangi ya waridi.

Nilisimama nikiutazama unyevu ule. Nilikuwa nimeliua gari la mama.

Mama alirudi na uso mzito. "Bwana Orina anasema saa kumi ni saa kumi."

Nusu saa ilipoisha Okemwa alikuja na kitambaa, akainama juu ya chupa kubwa ya plastiki iliyo karibu na injini. Ilikuwa na mistari miwili ubavuni.

"Haya. Maji yanafaa kuwa katikati ya hii mistari. Yako chini kidogo ya huu wa chini. Ndiyo maana ukiteremka yanakimbilia mbele, taa inawaka. Ukipanda yanarudi, inazima. Yamepungua, basi."

"Haiwezekani," mama alisema. "Nimejaza leo kabla tutoke. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Ilikuwa imejaa mpaka juu."

Okemwa aliacha kupangusa mikono. "Leo?"

"Leo. Kila Ijumaa najaza."

"Ilijaa Migori, na hapa Rongo yameisha?" Akachuchumaa, akatazama chini ya gari. Ardhi ilikuwa kavu. Alipoinuka hakuwa na tabasamu. "Mama, kama yamepotea hivyo na hayajamwagika, yanaingia ndani ya injini. Hiyo ni gasketi ya kichwa. Lazima nifungue kichwa cha injini. Na leo ni Ijumaa, kesho sishiki spana. Tutafungua Jumapili."

Mama alikaa juu ya tairi kuukuu. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Alitoa barua ya shule kwenye mkoba, akaitazama ile mistari miwili myekundu, akaikunja tena.

Hebu tuwe wakweli. Ningenyamaza, hakuna mtu ambaye angejua. Gasketi haina mama wa kuisemea. Labda walimu wangetuhurumia. Ningesema, ilikuwa Kegonga moja kwa moja. Lakini nilimwona Okemwa, katika shati lake jeupe, anaanza kufungua tena sanduku alilolipanga, ili apasue injini nzima kwa sababu ya kitu kilichokuwa mfukoni mwangu.

"Mzee," nilisema, "usifungue kichwa. Ni mimi."

Nikamtoa kinyonga.

"Nyasaye!" mama alipiga kelele, akaruka kutoka kwenye tairi. "Nyasaye! Nyasaye!"

Mara tatu, kama nilivyopanga, wiki nzima kabla ya wakati wake. Haikunifurahisha hata kidogo. Niliwaeleza yote: waya, paipu, Ijumaa ijayo, unyevu wa waridi. Sikuitaja hoja ya kisheria.

Mama aliokota mkoba wake. "Ingia kwa gari."

"Mama..."

"Ingia. Kegonga."

"Na mtaenda Kegonga na gari gani?" Okemwa aliuliza. Alikuwa amemchukua kinyonga mkononi, anamgeuzageuza kama spea asiyoijua. "Kijana, kuja hapa. Nionyeshe. Ulimfunga wapi?"

Nilimwonyesha. Alama ya waya bado ilionekana kwenye mpira. Okemwa alipapasa alama, kisha akapeleka kidole hadi kwenye kile kiungo chenye unyevu, karibu upana wa kiganja kutoka pale. Alikwaruza kwa kucha. Ukatoka ukoko mgumu, mweupe wenye waridi, kama wa ugali kwenye mdomo wa sufuria.

"Ulifunga lini?"

"Leo saa sita."

"Hii haikuanza leo. Ukoko kama huu ni kazi ya miezi. Klipu imelegea, maji yanatoka jasho hapa, tone, yanakauka, tone, yanakauka, hata chini hayafiki. Kinyonga wako alikuwa amekaa tu hapo akiangalia."

Sikuwahi kupenda sentensi ya mtu mzima kiasi hicho. Nilitaka airudie.

Lakini Okemwa alikuwa amegeukia upande wa mama. "Sasa sielewi. Kama imekuwa ikitoka tone tone miezi yote hii, wewe Ijumaa unajaza ngapi?"

"Kidogo sana. Kikombe. Hii gari hainywi, Okemwa, unajua. Labda wakati wa mvua. Wakati wa mvua inakunywa."

"Wakati wa mvua?"

"Mvua ikinyesha, hata chupa mbili. Jua likiwaka, hakuna."

Okemwa aliweka bisibisi chini, taratibu sana. Mimi pia nilikuwa nimeanza kuelewa, na nikatazama viatu vyangu ili uso wangu usinisaliti.

"Mama Max," alisema, "hebu nionyeshe mahali unajazia."

Mama alisogea kwa uhakika wa mtu ambaye amefanya jambo kila Ijumaa kwa miezi minane, akaweka kidole juu ya kifuniko cha buluu pembeni kabisa, mbali na ile chupa yenye mistari. "Si hapa? Hata ile ya zamani ilikuwa upande huu."

"Sawa. Ingia ndani, uwashe suichi tu, uvute ile mkono ya waipa kwako."

Mama akaingia, akavuta. Mikondo miwili ya maji safi iliruka kwa nguvu ya miezi minane ya uaminifu, ikapita juu ya kioo, ikapita juu ya paa, na sehemu yake kubwa ikatua kwenye shati jeupe la Okemwa, ambaye alikuwa amesimama mahali pabaya.

Waipa zikapangusa kioo mara tatu, zikalala.

"Umekuwa ukinywesha waipa," Okemwa alisema.

Mama alitoka kwenye gari. Aliangalia kifuniko cha buluu, akaangalia ile chupa yenye mistari, akaweka mkono kifuani.

"Na nikasimama makambini..."

"Nilikuwa pale."

"Watu wote wakasema amina."

"Hata mimi," alisema Okemwa, maji yakimdondoka kwenye kidevu. "Nilisema mara mbili."

Mama alianza kwa kukohoa. Kisha mabega yakatikisika, kisha akashika boneti kwa mikono miwili akacheka hadi akajifuta machozi kwa ile barua ya shule. Okemwa alicheka akiwa ameinama, ameshika magoti. Mimi nilicheka kwa kiasi, kama inavyompasa mshtakiwa ambaye kesi yake bado haijaisha.

Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Okemwa alikaza klipu kwa bisibisi, akavuta paipu kuhakikisha. Akaweka kitambaa juu ya kifuniko cha chupa yenye mistari, akakilegeza kidogo hadi kikamaliza kupumua, ndipo akakifungua. Alitoa galoni ya kulanti, yale maji ya rangi ya kupoza injini, akachagua ya waridi kwa sababu ndiyo iliyokuwemo, akamimina hadi katikati ya mistari. Aliwasha injini na hita hadi kukawa na joto kama jikoni, ili hewa itoke, akangoja, akaongeza kidogo. Akapitisha kipande cha karatasi kwenye kiungo, kikatoka kikavu. Mwisho alituamuru tuteremke kimteremko kilicho nyuma ya gereji na kupiga breki kwa nguvu.

Tukateremka. Mama akapiga breki. Sote wawili tukakodolea macho mahali pale penye kioo.

Hakukuwa na kitu. Peusi tii. Mama akashusha pumzi ndefu, nami nikagundua kwamba nilikuwa nimezuia yangu tangu Awendo.

Saa nane na dakika ishirini na tano tulikuwa njiani. Tulipopita Rodi Kopany, mama alipunguza mwendo.

"Ungenyamaza, ningejua?"

"Hapana, mama."

"Sasa ulisema kwa nini?"

"Mzee alikuwa anafungua injini bure."

"Na Kegonga je?"

"Kegonga nilikuwa naiona vizuri sana."

Akaendesha kidogo. "Ule ulikuwa mzaha, na ulikuwa kabla ya geti."

"Ndiyo."

"Na mimi karibu nifanye injini ipasuliwe kwa maneno yangu. Nimejaza leo, kwa mkono wangu."

"Kwa hivyo tuko sawa?" niliuliza kwa tahadhari.

"Hatuko sawa. Mimi ni mama yako."

"Ndiyo, mama."

Lakini aliposema hivyo alikuwa anatazama ziwa, lililokuwa limeanza kuonekana mbele, na pembe ya mdomo wake haikuwa imara.

Tulipita getini saa kumi kasoro dakika ishirini na tano. Bwana Orina alikuwa ofisini na faili langu, ambalo si jembamba. Alitukaribisha, akaangalia saa, akaonekana kuhuzunika kidogo kwamba tumewahi. Kisha akaweka fomu mbele ya mama.

"Mama Maxwell, kabla ya kutia sahihi. Unaweza kutuhakikishia kwamba huyu kijana hatafanya mizaha tena?"

Nilitazama dari. Nilikuwa tayari kwa machozi, maombi, pengine aya mbili za Biblia.

"Siwezi, mwalimu," mama alisema. "Mimi leo nimejifunza kutosema kitu ambacho sijaangalia vizuri."

Bwana Orina akainua macho.

"Lakini leo alifanya kosa, akajua akisema atakosa hii shule. Na akasema. Hakuna mtu alikuwa amemuuliza. Kama fomu inasema hatakosea, siweki sahihi. Kama inasema akikosea atakuja kuwaambia, nipe kalamu."

Bwana Orina aliisoma fomu upya, kana kwamba hakuiandika yeye. Alikata mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, akaandika mwingine juu yake kwa herufi ndogo, akaigeuza. Mama akasoma yote, neno kwa neno, ndipo akatia sahihi. Nikatia na mimi.

Nje, mama hakunikumbatia, kwa sababu kidato cha nne walikuwa wanatazama na ananipenda kiasi cha kutoniaibisha. Alilitazama jua, akahesabu njia ya kurudi Migori, akasema atafika kabla halijazama. Aliinua boneti, akaangalia pale panapotakiwa, akaifunga, akaenda.

Nilibeba sanduku hadi bwenini. Godoro langu lilikuwa limehamia kwenye kitanda cha jirani yangu Tony, nami nikalidai kwa maneno makali na furaha kubwa. Kisha nikaenda kwenye ubao wa zamu ulio karibu na mlango. Hapo, namba kumi na saba, kwa mwandiko wa nahodha wa bweni, palikuwa na jina langu, hakuna aliyekuwa amelifuta: Onyango M., kuosha vyoo, Jumatatu asubuhi. Nililisoma mara mbili. Sijawahi kuona vyoo vizuri namna ile.